Mguu Wangu na Kopo ya Vidonge

Watu wa Bunia wananijua. Uliza sokoni, uliza kwa wavuvi wa Kasenyi, uliza hata maaskari wa barière, kile kizuizi cha barabarani: Patro Paluku, bosi Paluku, ni nani? Watakuleta mtaa wa Ngezi mpaka mlangoni kwangu, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati mapya, madirisha ya vioo. Nimeijenga mwenyewe, bila baba, bila mjomba, bila barua ya mukubwa yeyote. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primaire kule kwetu Butembo, na mpaka leo sijaona kile ambacho mwaka wa nne ungeniongezea. Ukikuta nimekosea kuandika, weye pita tu, endelea mbele.

Ninaandika kwa sababu watu wanakuja kwenye baraza yangu na vidonda ambavyo havitaki kufunga. Wengine wanaletwa kwa machela, wengine wanajikokota. Wanakaa, wanakunja suruali, wanaangalia chini kwa haya ya ile harufu, kisha wananiuliza: "Patro, weye ulifanya namna gani?" Nimewajibu kwa mdomo mpaka mdomo umechoka. Sasa nitasema kwa kalamu. Asiyejua kusoma, mtoto wake amsomee.

Lazima nianze na miguu yangu, maana ndiyo iliyonifanya mtu. Nilipofika huku nilikuwa na baiskeli ya kuazima, basi. Unaijua barabara inayopanda kutoka ziwani? Ukiwa chini Kasenyi, mlima unasimama mbele yako kama ukuta. Wenzangu walipanda wawili-wawili, mmoja anasukuma, mwingine anavuta kwa kamba. Mimi nilipanda peke yangu na vikapu viwili vya makayabu, wale samaki wa chumvi, na juu yake furushi la nguo zangu. Misuli ya miguu yangu ilikuwa migumu kama viazi vikuu. Kule juu, mahali wasukuma baiskeli wanapumzikia, kulikuwa na binti anayeuza chai. Jina lake Kavira. Miaka mingi baadaye, tukiwa na watoto wanne, ndipo alipokubali kuniambia ukweli.

"Niliona miguu mbele ya kuona sura," alisema. "Ningeona sura kwanza, pengine ningefunga biashara yangu nikaenda nyumbani."

Kutoka baiskeli nikapata meza sokoni. Kutoka meza nikapata kamyo, lori la mizigo. Ilikuwa kamyo nzee, lakini jina langu liliandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu na niliiendesha mwenyewe. Kwenye njia ile nilikuwa mwalimu wa mashoferi wote. Barière ikihama, maaskari wakibadilisha desturi, mimi ndiye wa kwanza kujua: leo wanauliza karatasi gani, leo mukubwa wao anapenda kuitwa nani, leo upite nyuma ya kilima gani. Nikikutana na shoferi njiani, hata awe mtu nisiyemjua, hata awe wa kabila lingine, ninapunguza mwendo, ninatoa mkono dirishani, ninamwambia. Naye anamwambia mwingine. Kabla ya saa sita mchana, ile barière haina nguvu tena juu ya mtu yeyote. Jambo hilo uliweke akilini, nitalirudia.

Ajali ilinikuta mwisho wa mvua kubwa, watu wakivuna maharage. Nilikuwa ninapanda na mzigo wa makayabu. Mashine ikazimika, freni zikakataa, kamyo ikaanza kurudi nyuma. Upande mmoja korongo, upande mwingine mwamba. Nikaitupa kwenye mwamba. Watu saba waliokaa juu ya mzigo walishuka wazima, na sijasikia bado shoferi mwingine aliyefanya hivyo mahali pale. Lakini mlango ulijikunja juu ya mguu wangu wa kushoto, na chini ya goti mfupa ulitoka nje, mweupe, ukaangalia jua. Wanasema hata hapo nilikuwa ninatoa amri: "Muokote samaki kwanza, mbwa wasifike!" Mimi sikumbuki. Ninakumbuka harufu ya chumvi tu, na Kavira aliyekuja akikimbia na kiatu kimoja.

Jina la lopitalo, ile hospitali walikonilaza, sitalitaja. Walinitunza vizuri kwa mikono waliyokuwa nayo, na kosa nitakalolieleza lilikuwa letu siye wagonjwa, mimi nikiwa wa mbele.

Kwanza nilijifunza kungoja. Mtu kama mimi hakuzoea kungoja. Nilingoja kwenye benchi la mbao, mguu umefungwa kwa vipande viwili vya sanduku la samaki, kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na muzee aliyelala mdomo wazi. Nikaita: "Mimi ni Patro Paluku!" Yule mama akaniangalia kwa huruma, akasema: "Pole, baba. Siye wote tuko na jina." Kisha akasogea ili niegemee bega lake. Sijui alikuwa nani. Bega lile ninalikumbuka kuliko mambo mengi makubwa ya maisha yangu.

Docta alisafisha, akanyoosha mfupa, akaweka platre, ile plasta ngumu kama jiwe, mpaka pajani, akakata dirisha dogo mahali pa kidonda. Wiki tatu mambo yalikwenda. Wiki ya nne nilianza kusikia harufu tamu, kama ndizi iliyooza ndani ya kabati. Nilifikiri ni ya kitanda cha jirani. Binti yetu mdogo alipokuja Jumapili, akasimama mlangoni, akafunika pua, akakataa kunisogelea. Kavira alimvuta kwa mkono, mtoto akalia. Hapo nikajua kwamba harufu ni yangu.

Ikaanza safari ya dawa. Mvua ndogo nilichomwa sindano za peniciline, matako yote mawili mpaka sikuweza kukaa. Usaha ulipungua siku chache, ukarudi. Wakati wa kupanda mahindi ya pili wakanipa vidonge vingine, vikubwa, vyenye ladha ya chuma mdomoni. Ukapungua, ukarudi. Docta alinifungua mara ya kwanza, akatoa vipande vya mfupa vilivyokufa, Kavira akavihesabu kwenye kisahani kama mtu anayechambua mchele. Mwili wangu ulikwisha. Ule msuli nilioujisifia ukalegea, ukaning'inia kama soksi tupu. Pete ya ndoa ilidondoka yenyewe kidoleni nikinawa. Kavira aliifunga kwa uzi shingoni mwake, akasema ananitunzia tu.

Alilala chini ya kitanda changu kwenye mkeka miezi yote ile. Asubuhi alinipikia sombe, majani ya muhogo, kwenye jiko la nje, pamoja na wake na mama wa wagonjwa wengine. Kidonda alikiosha mwenyewe, kwa maji ya moto na chumvi, na hata siku moja hakugeuza uso pembeni. Mimi nilikuwa ninamfokea. Ninaandika hilo pia. Nilimfokea kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya chai, kwa sababu alikuwa na miguu miwili.

Sasa nifike kwenye kopo.

Kwetu, mtu akienda kumwona mgonjwa haendi mikono mitupu. Analeta sukari, sabuni, na vidonge. Vidonge vya rangi mbili, nyekundu na njano, vile vinauzwa sokoni kimoja-kimoja, kama pipi, kando ya kiberiti na sindano za kushonea. Mimi nilikuwa na wageni wengi kuliko mgonjwa yeyote wa sale ile, chumba chetu cha vitanda vingi, kwa hiyo vidonge vilikuwa vingi. Niliviweka ndani ya kopo ya maziwa ya unga, chini ya mto. Mtu kama mimi hawezi kulala juu ya mali na majirani hawana. Kila jioni, sahani zikikwisha kuoshwa, niligonga kopo kwa kijiko.

"Mukuye, wagonjwa wa Patro!"

Nao walikuja. Mwenye kuhara, viwili. Mwenye kikohozi, viwili. Mwenye jipu, kimoja cha kumeza na kimoja cha kupasua, tunamwaga unga juu ya jipu kama chumvi juu ya nyama. Mtu akipata nafuu kidogo, anaacha, kilichobaki anampa mwenzake. Tulinawa wote katika beseni moja. Walinishukuru, wakaniita docta wa pili, na moyo wangu ulinenepa wakati mguu unakonda. Vingine nilimwaga mwenyewe ndani ya dirisha la platre, juu ya dawa za docta, bila kumwambia mtu.

Mwanzo wa kiangazi walimleta muzee Lobho kwenye kitanda cha kuume kwangu. Mkulima kutoka milima ya Djugu, mrefu, mikono kama jembe. Matumbo yake yalikuwa yamejifunga, docta alimpasua siku hiyo hiyo akamponya. Mke wake, Mama Lotsove, alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. Muzee alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yangu aliyeweza kuninyamazisha.

"Patro," aliniambia siku ya tatu, "weye unasema kuliko redio. Na redio iko na kifungo."

Sale nzima ikacheka, na yeye akashika tumbo: "Musinichekeshe, nyuzi zitakatika!"

Nikampenda. Nilimweleza habari za baiskeli, za mlima, za kamyo. Yeye alinieleza habari za shamba lake la maharage na ng'ombe mmoja mkaidi aliyekataa kuvuka maji mpaka asifiwe kwanza. "Anafanana na weye," alisema. Mshono wake ulipoanza kuwa mwekundu kidogo pembeni, nani alimsaidia? Mimi. Nilijikokota mpaka ukingo wa kitanda, kwa vidole vilevile vilivyokuwa vimegusa mguu wangu, nikapasua vidonge viwili vya rangi mbili, nikamnyunyizia.

"Aksanti, ndugu yangu," alisema.

Baada ya siku nne alikuwa na homa. Baada ya wiki, mshono ulifunguka, na ile harufu tamu ya ndizi sasa ilitoka vitanda viwili.

Kulikuwa na enfirmie mmoja, muuguzi, mama wa makamo, jina lake Adiru. Hakupenda kelele. Usaha wetu ulipelekwa mbali kupimwa, na siku majibu yalipofika alikuja kwangu na visahani viwili vya kioo vyenye vifuniko. Akavuta kiti.

"Sitwayé Paluku," aliniita kwa heshima ya kiserikali, "unajua kusoma?"

"Ninajua kutosha."

"Hapa haiko lazima ya kusoma. Angalia tu."

Ndani ya kisahani kulikuwa kama uji mwembamba wa rangi ya kijivu, na juu yake viduara vidogo vya karatasi. Kila karatasi, alisema, imelowekwa dawa moja. Uji ule ndiyo vijidudu vya mguu wangu, wameota kama majani. Dawa ikiwa na nguvu, wanakufa kandokando ya karatasi, inabaki duara safi, kama ardhi mahali moto umepita. Nikaangalia. Karatasi ya peniciline: majani mpaka mlangoni. Karatasi ya vile vidonge vya ladha ya chuma: majani mpaka mlangoni. Karatasi ya vidonge vya rangi mbili: majani yalikuwa yamepanda juu yake yakaifunika. Karatasi moja tu pembeni ilikuwa na duara.

"Na hii nyingine?" nikauliza.

"Ya muzee Lobho."

Vilikuwa sawasawa. Karatasi zile zile zimeshindwa, duara lile lile moja limebaki. Kama watoto wa mama mmoja.

Kisha nikauliza swali ambalo lilinisumbua kweli: "Mama Adiru, hawa vijidudu hawakwenda shule. Ni nani aliwafundisha dawa zote hizi?"

"Wanafundishana," alisema. "Mmoja aliyekwisha kuponyoka dawa anabeba ile namna ndani yake, kama karatasi ndogo iliyokunjwa. Anazaa watoto, nao wanayo. Lakini haiko watoto peke yao. Akikutana na kijidudu kingine, hata cha aina nyingine kabisa, ndani ya tumbo ya mutu, mu kidonda, mu beseni, anamupatia nakala. Naye anapatia mwingine. Wale wasiojua, dawa kidogo inawaua. Wale wanaojua wanabaki na nafasi yote. Kila siku wanaonja dawa kidogo-kidogo, kila siku wale wenye kujua njo wanabaki."

"Kama siye mashoferi na barière," nikasema.

"Namna gani?"

Nikamweleza. Mkono dirishani, neno moja, na mtu usiyemjua anapita. Adiru aliniangalia muda mrefu, mara ya kwanza bila hasira.

"Njo vile, ndivyo hasa," alisema. "Haiko mutu alinielezea vizuri hivyo, hata kule nilikosoma."

Siku nyingine ningejisifia wiki nzima kwa neno lile. Siku ile sikujisifia. Kwa sababu nilijua kopo iko wapi. Kila jioni, kwa kijiko, nilikuwa nimewaita vijidudu vya sale nzima waje kwenye masomo. Viwili kwa huyu, viwili kwa yule, kidogo cha kuwafundisha na si cha kuwaua. Na vidole vyangu ndivyo vilivyowabeba kutoka mguuni kwangu mpaka tumboni kwa muzee.

Nilitoa kopo chini ya mto, nikampa. Aliifungua, akachungulia, akafunga macho. Hakunitukana. Alisema tu: "Ungenitukana mimi ingekuwa heri kuliko hii."

Dawa ya lile duara haikuwepo Bunia. Ndugu yangu mdogo Kambale, ambaye alikuwa ameshika biashara yangu, alishuka Kasenyi, akapanda mtumbwi wa mashine, akavuka ziwa kwenda kuitafuta upande wa Uganda. Tulimngoja kiangazi kinakauka, vumbi jekundu likiingia mpaka kwenye shuka. Docta alikuwa amesema wazi: dawa ikija na kufanya kazi, mguu unabaki; isipokuja mbele ya usaha kupita goti, ataukata. Platre ilikuwa imekwisha kutolewa, na kila asubuhi Kavira aliweka vidole vyake kwenye goti langu akipima uvimbe. Alikuwa na alama yake: kovu dogo la hapo gotini nililolipata utotoni. "Haujafika kwenye kovu," alikuwa akisema. Ndivyo tulivyohesabu siku.

Na muzee Lobho alikuwa anakwisha. Hakunitania tena. Ndani ya homa aliongea na ng'ombe wake kwa kilugha chao.

Kambale alifika mchana mmoja, midomo imepasuka kwa upepo wa ziwa, boksi kifuani ndani ya shati.

"Yaya, kaka yangu, nimeipata! Walinizungusha, lakini nimeipata!"

Chupa ndogo za kuchoma. Za mtu mmoja, mwanzo mpaka mwisho, wala moja ya ziada haikuwepo. Adiru alizihesabu mara mbili. Kavira alipiga magoti pale pale sakafuni. Sale ilipiga makofi.

Mama Lotsove naye alikuja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Tunamushukuru Mungu, baba. Dawa yako imefika." Halafu akashusha sauti zaidi. "Ninakuya na ombi moja. Kamyo yako ikipanda upande wa kwetu wiki hii, iko na nafasi? Muzee anataka kufia nyumbani. Ninaogopa kumubeba na machela, iko mbali."

Hakuomba dawa. Haki ya Mungu, hakuomba hata chupa moja. Aliomba nafasi juu ya mzigo.

Nikamwita Adiru. Nikasema kwa sauti kubwa, sauti yangu ya sokoni, ili wote wasikie ukarimu wangu: "Mama Adiru, tugawane! Nusu kwangu, nusu kwa muzee!"

Adiru aliweka boksi chini.

"Paluku," alisema, bila sitwayé, bila patro. "Mpaka leo haujaelewa? Nusu haitaponya weye, haitaponya yeye. Nusu itafundisha. Kiisha hata hii duara moja tutaipoteza, na yule atakayelala kwenye kitanda hiki nyuma yako hatakuwa na kitu."

"Basi docta anasema nini?"

"Docta anasema dawa ni yako. Ndugu yako njo alivuka ziwa. Hakuna atakayekuuliza."

"Na bila dawa, mimi?"

"Weye, docta anaweza kukata juu ya mahali pabaya, na utaishi. Muguu inatoka." Aliangalia kitanda cha pili. "Tumbo haitoki."

Aliondoka na kuniacha na boksi juu ya shuka.

Mimi si mtu mwema. Wanaonisifu leo hawakuwa ndani ya kichwa changu mchana ule. Nilifikiri habari za mlima na baiskeli. Nilifikiri habari ya vijana wa sokoni wanaonikimbilia kwa heshima, wakiona ninaruka kwa mguu mmoja kama kuku. Nilifikiri: muzee amekwisha kula miaka yake. Nilifikiri hata: mguu huu ndio Kavira alioupenda. Yote hayo nilifikiri, nikiwa nimeshika lile boksi kwa nguvu.

Kavira alikuwa amekaa kwenye mkeka.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Nimeosha huo muguu miezi mingapi?"

"Sijui."

"Mimi ninajua. Ninaujua kuliko weye." Aliweka kiganja chake juu ya mguu, juu ya kitambaa chenye majimaji, polepole, kama mtu anayemuaga mtoto anayekwenda shule ya mbali. "Ulifanya kazi muzuri. Ulinitafutia bwana, ulinitafutia nyumba. Sasa umechoka. Baba, uache uende."

Nililia. Nililia kwa sauti, Patro mzima, mbele ya sale yote, na hakuna aliyecheka.

Kambale alikasirika vibaya. "Nimelala siku tatu mu mutumbwi, na weye unapatia mutu ambaye haiko hata wa kwetu! Kavira, ni weye unamuharibu akili!" Alitoka akaupiga mlango. Hakuongea na Kavira mpaka mvua zilizofuata, na ile miezi ilituumiza sote. Siku moja alikuja nyumbani na jogoo, akampa bila neno, naye akampikia. Yakakwisha hivyo.

Chupa zote zilimwingia muzee Lobho, kila moja kwa saa yake. Siku ya sita homa ilipoa, akaamka, akataka uji, na Adiru akaendelea kumchoma vilevile. Mama Lotsove aliponong'ona, "Amepona, tuweke zilizobaki," nilipiga kelele kutoka kitandani kwangu: "Hapana! Mpaka ya mwisho!" Nilikuwa nimekuwa askari wa barière.

Mimi walinikata wiki ile ile, juu kidogo ya kovu la utotoni. Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba harufu haipo. Miezi yote ile, na sasa hewa tupu, na harufu ya sabuni kwenye mikono ya Kavira. Jumapili binti yetu mdogo alisimama mlangoni, akanusa, akatazama mama yake. Kisha akatembea mpaka kitandani, akapanda, akalala kwenye nafasi ya mguu uliotoka, maana palikuwa wazi na pana joto. Mpaka leo sijapata shuka wala blanketi iliyonipasha moto kama hivyo.

Kwa hiyo weye uliye na kidonda, nisikilize mimi niliyelipa. Usinunue dawa kimoja-kimoja kama pipi. Ukipewa na docta, maliza, hata ukijisikia unaweza kucheza ngoma. Usimpe jirani nusu ya dawa yako. Mpe uji, mpe bega. Nawa mikono mbele ya kumgusa. Na usimfokee anayekuosha. Harufu itakwisha, maneno yanabaki.

Vijana wa sokoni hawakunicheka kama nilivyoogopa. Ninatembea vizuri kwa fimbo mbili kuliko wengine wanavyotembea kwa miguu miwili, na kamyo sasa ziko mbili. Kavira amenirudishia pete, imenikaa tena.

Kila kiangazi, maharage yakikwisha kukauka, kunapigwa hodi mapema asubuhi. Ninasikia kwanza hatua barabarani, ndefu, nzito, za mtu aliyetembea toka milima ya Djugu na mzigo begani. Anakataa kamyo yangu. Anasema mwenye kamyo anaongea sana. Anaingia uani, anatua gunia, anakaa, ananyoosha miguu yake miwili mirefu yenye vumbi jekundu mpaka magotini.

Nami ninaiangalia, halafu ninapaza sauti kuelekea jikoni, kama ninavyofanya kila mwaka:

"Kavira! Weka maji ya moto, uoshe. Mguu wangu umefika."

Naye anatoka na beseni.